Pikapu ndefu Nairobi: somo la kuiendesha na kuiegesha bila kukwaruza mtu

Niliendesha Probox miaka sita. Mwaka jana tajiri wangu akaleta Ford F-150 ya milango minne, bodi (pale nyuma pa mzigo) ya futi sita na nusu, usukani ukiwa umeshahamishiwa kulia. Kazi yetu ni mahema, viti na jenereta za sherehe, kwa hivyo siwezi kuchagua pa kwenda: leo Karen kwenye uwanja mpana, kesho Umoja katikati ya vibanda. Probox ina urefu wa mita 4.2 hivi. Hii ina 6.19. Mwili una upana wa mita 2.03, na vioo vikifunguliwa ni 2.43. Wiki ya kwanza nilikuwa nashuka garini shati limelowa jasho kama niliyebeba hayo mahema begani.

Wenye Hilux na D-Max za dabo kebu, zenu zina mita 5.3 hivi. Somo ni lile lile, mtapunguza vipimo tu.

Kwanza, mwaga maji uone

Kabla ya yote, jua tairi lako la nyuma linapita wapi. Mbele unaona mwenyewe. Mkia nao hukuumiza ukirudi nyuma. Lakini tairi la nyuma ndilo litakalopanda ukingo, likanyage mguu wa mtu, lipitishe ubavu wa bodi kwenye nguzo ya stima, nawe unatazama mbele umeridhika.

Jumapili asubuhi, barabara za ndani za Industrial Area huwa tupu. Nenda na mtungi wa lita ishirini wa maji. Umwage kwenye lami, pita juu yake polepole matairi yote yalowe, kisha kata usukani wote kushoto na uende robo duara. Shuka utazame kabla jua halijakausha. Utaona mstari wa tairi la mbele la kushoto umechora kona kubwa, na ule wa nyuma umekata njia ya mkato kwa ndani. Mimi nilipima kwa viatu. Navaa namba 43, na kati ya mistari miwili viliingia viatu vitatu na nusu, yaani karibu mita moja. Sababu ni umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma: Probox ni mita 2.55, hii ni karibu 4. Umbali huo ukiongezeka, tairi la nyuma linazidi kuingia ndani ya kona.

Rudia mara tano, kushoto na kulia. Hiyo mita moja ikiingia kichwani, nusu ya somo umemaliza.

Vioo

Kioo cha kulia kiweke uone kipande chembamba cha mlango wako na tairi la nyuma chini. Cha kushoto kiinamishe zaidi ya ulivyozoea, kwa sababu upande huo uko mbali nawe na ndiko boda boda hupenyea. Ukibandika kile kioo kidogo cha mviringo pembeni, kumbuka vitu vyote humo huonekana mbali kuliko vilivyo.

Kona

Kukata kushoto kuingia barabara nyembamba ndiko kunakotoa watu jasho. Mazoea ya gari dogo ni kuanza kukata pua inapofika kwenye kona. Usifanye hivyo. Nenda mbele hadi bega lako lipite ukingo wa hiyo kona, ndipo ukate, na ukate kwa haraka huku gari likienda polepole. Utahisi kama umechelewa. Hujachelewa.

Wengine hupanua kwanza kulia kama trela kabla ya kukata kushoto. Nairobi hiyo ni kuandika mwaliko. Ukiacha nafasi kushoto kwako, kabla hujamaliza kuwasha indiketa tayari kuna boda mbili na mkokoteni wa maji. Mimi hujiweka mita moja na kidogo kutoka ukingoni: chini ya hapo tairi linapanda, zaidi ya hapo matatu anaona ni leni yake. Kisha natazama kioo cha kushoto, nakata, na natazama tena nikiwa katikati ya kona. Ule mtazamo wa pili ndio umeniokoa mara nyingi.

Kwenye raundabauti shika leni yako na usione haya kukaa katikati yake. Gari hili likibanwa na matatu upande wa ndani, halina pa kukimbilia.

Wazee husimulia kwamba Kenyatta Avenue, iliyowahi kuitwa Delamere Avenue, iliachwa pana vile ili gari la kukokotwa na maksai liweze kugeuka. Pale hata mimi hujisikia binadamu. River Road haikupimiwa maksai. Nikiwa na mzigo wa huko, naegesha mbali na kumtuma tanboi, msaidizi wangu wa garini, na mkokoteni. Sioni aibu.

Kuegesha: ingia kwa nyuma

Sehemu nyingi za kuegesha zimechorwa kwa gari la mita tano. Lako lina zaidi ya sita. Ukiingia kwa pua, mkia unabaki njiani na kutoka ni kubahatisha. Ukiingia kwa nyuma, matairi ya nyuma yanatangulia na yale ya mbele yanabaki nje kukugeuza, kwa hivyo unahitaji nafasi ndogo zaidi. Isitoshe, baada ya matairi ya nyuma kuna zaidi ya mita nzima ya bodi. Kama nyuma kuna ukingo na maua, tairi linagusa ukingo, bodi inaning'inia juu ya maua, na pua yako inatoshea ndani ya mstari. Juu ya maua, nasema, si juu ya njia ya watu. Ile ndoano ya kuvutia tela iko kimo cha muundi, na usiku haionekani.

Fanya hivi. Chagua nafasi iliyo upande wako wa kulia, kwa sababu umekaa kulia na tairi utakalolizungushia gari utaliona kwa macho. Ipite polepole, ukiwa mita mbili hivi kutoka pua za magari yaliyoegeshwa. Bega lako likishaipita, elekeza pua kushoto ili mkia uanze kutazama ile nafasi. Simama. Rivasi, kata kulia, macho kwenye kioo cha kulia: tairi la nyuma lipite karibu na kona ya gari la jirani bila kuligusa. Mkia ukishaingia kati ya magari mawili, nyoosha.

Wakati huo pua yako inafagia upande wa pili. Watu wote hutazama nyuma na kusahau kwamba ukirudi nyuma huku umekata, ni kona ya mbele inayopanuka. Nimeona bampa za mbele zikichuniwa hivyo kuliko za nyuma. Kila unaporudi mita moja, geuza macho mbele mara moja.

Kama haijakaa sawa, toka mbele uanze tena. Majaribio matatu si dhambi. Anayepiga honi nyuma yako hatakulipia rangi.

Sasa kuhusu vijana wa maegesho. "Kuja, kuja, kuja, kata yote, kuja!" halafu mlio. Akishasikia mlio anasema, "Simama." Mimi na tanboi wangu tumekubaliana mambo mawili: asimame mahali ninapomwona kwenye kioo, na nisipomwona nasimama, hata akipiga kelele vipi. Mkono mmoja juu ni kusimama. Mengine anaweza kusema anavyotaka.

Hili nililijifunza kwa gharama. Jioni moja huko Umoja, kamera ya nyuma ilikuwa imejaa tope la Kangundo Road, tanboi ameenda kununua chapati, nami nikajiambia nyuma ni peupe. Kilango cha nyuma kiko juu, na chochote kilicho chini yake karibu na gari hakionekani kwenye kioo cha katikati. Kulikuwa na benchi la mama mboga, na juu yake nyanya zimepangwa kwa mafungu manne manne, zimefutwa zinang'aa. Sikusikia hata kishindo. Nilisikia tu, "Woi, nyanya zangu!" Nililipa debe zima na benchi, na mama akaniambia, "Kijana, gari kubwa, macho madogo." Tangu hapo, kama niko peke yangu nashuka nazunguka gari, hata kama ni mara ya tatu siku hiyo.

Kuegesha sambamba na barabara

Nafasi inayotosha ni ya Vitz mbili, mita nane hivi. Chini ya hapo, endelea na safari. Simama sambamba na gari la mbele, bampa za nyuma zikilingana, kati yenu mita moja. Rudi huku umekata kushoto, hadi kwenye kioo cha kulia uone taa zote mbili za gari la nyuma. Nyoosha, rudi kidogo, pua ikishapita bampa ya gari la mbele kata kulia uingie.

Bodi tupu na bodi yenye mzigo

Springi za nyuma zimetengenezwa kwa uzito. Bodi ikiwa tupu, mkia unaruka kwenye matuta, na mvua ya Aprili ikinyesha tairi la nyuma linateleza mapema ukikanyaga mafuta ghafla. Punguza mwendo kabla ya tuta, si juu yake. Ukiwa na mzigo, vitu vizito vikae mbele ya matairi ya nyuma au juu yake, vifungwe. Jenereta isiyofungwa ikiteleza hadi kwenye kilango, pua inakuwa nyepesi na usukani unakosa nguvu.

Maswali ya wasomaji

*Mama Kuku, Ruiru: Mwalimu, D-Max yangu ina kamera. Si inatosha?*

Dada, kamera ni nzuri kwa vitu vya chini ambavyo vioo havioni, ningekuwa na yangu safi nisingenunua nyanya. Lakini haioni pua yako ikifagia, wala haioni ubavu. Pia, nyingi zimefungwa kwenye kilango. Ukikishusha ili kubeba kitu kirefu, inatazama lami. Siku hiyo ni vioo na mtu wa kukuelekeza.

*Fundi wa Mabati, Kariobangi: Nabeba mabati ya mita tatu. Nishushe kilango au niyasimamishe?*

Shusha, uyafunge pande mbili, mbele na nyuma, na kitambaa chekundu mwishoni. Ukirivasi hesabu urefu hadi ncha ya bati, maana gari lako sasa linaishia pale. Bati halitoi mlio kama bampa, linakata.

*Baba Shiru, Kitengela: Land Cruiser 79 yangu ni fupi kuliko hiyo Ford yako kwa karibu mita, lakini kugeuka ni vita. Nina kasoro?*

Huna, mzee. Ile gari matairi ya mbele hayakati sana, inahitaji duara la zaidi ya mita 14. Urefu si kila kitu. Fanya lile jaribio la maji ujue duara lako mwenyewe, na kwenye barabara nyembamba panga kugeuka kwa hatua tatu tangu mwanzo, usingoje kukwama.

*Dereva Mpya, Pipeline: Je, maegesho ya chini ya majengo?*

Soma bango la kimo mlangoni. Mengi ni mita 2 au 2.1. Pikapu yangu ina karibu 1.96 bila kitu juu. Ukiwa na chuma za turubai, usishuke. Na ukishuka, ile njia ya kuzunguka ni kona ya kudumu: kaa upande wa nje, umwachie tairi la nyuma nafasi ya ndani.

*Dereva Mpya tena: Na lango la ploti yetu? Landilodi anasema lina mita 2.5, na barabara mbele yake ni nyembamba.*

Kunja vioo, na hakikisha gari limenyooka kabla pua haijafika langoni, maana ukiwa umekata, ubavu utachukua mlango. Kama barabara haikupi nafasi ya kunyoosha, ingia kwa nyuma. Pima lango mwenyewe leo jioni, na upime kwenye bawaba na kwenye komeo, si pale panapoonekana wazi. Nitumie hivyo vipimo, pamoja na upana wa barabara, nitakwambia kama inaingia au utalala nayo nje.