Jinsi ya kutoa flaksi kwenye bodi itoke kweli, sio kuisambaza tu

Mafundi wenzangu, hasa nyie vijana mnaoanza ufundi simu na redio, naomba tuongee hili la flaksi, ile dawa inayonata tunayopaka ili risasi ya kuchomelea ishike, maana naona bodi nyingi sana zimechomelewa vizuri tu, risasi inang'aa, miguu ya aisi, vile vichipu vyeusi vya kwenye bodi, imeshika yote, halafu pembeni kuna utando wa kahawia unanata kama ulimbo na mtu anafunga kava anamkabidhi mteja simu yake. Hapana jamani, hapo kazi bado.

Flaksi kazi yake ni kula ule uchafu wa madini unaotokana na hewa ili risasi ishike, kwa hiyo ndani yake kuna tindikali, na ikibaki kwenye bodi haikai kimya. Inavuta unyevu, na huku kwetu pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu upo mwaka mzima na chumvi juu yake. Sasa chukua miguu miwili iliyokaribiana, mmoja una volti mwingine hauna, katikati kuna flaksi iliyolowa, umeme unaanza kuvuja kidogo kidogo, shaba inaliwa inaota ukijani, na wakati mwingine vinaota vinyuzi vyembamba vya madini kutoka mguu huu kwenda ule mpaka vinakutana na kupiga shoti. Ndio zile simu zinazorudi baada ya muda eti inakula chaji ikiwa imelala tu, na mteja anaamini ulimuwekea spea mbovu.

Kabla ya kusafisha jua umetumia flaksi gani. Ile ya rosini, inayotokana na utomvu wa msonobari, inatoka vizuri kwa alkoholi. Zilizoandikwa NC, yaani No-Clean, ndio wanasema hazihitaji kusafishwa, na kiwandani ni sawa kwa sababu wanaweka kidogo na bodi nzima inapita kwenye joto lililopimwa, ila sisi tunakamua na sindano halafu tunapiga bloa, ile mashine ya hewa ya moto, sehemu moja, ile iliyokimbilia chini ya bati linalofunika aisi au pembeni haikupata joto la kutosha kwa hiyo nguvu yake bado ipo, na ukiongeza kwamba flaksi feki zimejaa mtaani hujui hata ndani kuna nini, basi safisha tu. Kuna ya kuyeyuka kwenye maji, hiyo ni kali kuliko zote mbili, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji safi yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale yanayouzwa petroli stesheni kama maji ya betri, ila soma chupa vizuri usije ukabeba asidi ya betri maana mara nyingi zinakaa rafu moja. Na ile ya mafundi bomba na mabati usiilete kabisa kwenye meza ya elektroniki.

Sasa dawa. Tafuta IPA, yaani alkoholi ya isopropili, ya asilimia 99 kwenda juu. Ile ya famasi ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, haiyeyushi rosini vizuri na maji yanabaki chini ya aisi muda mrefu. Spiriti ya rangi inaacha alama. Sanitaiza ina gliserini na ule ute, usijaribu. Petroli inaacha mafuta na inashika moto haraka mno, na tina ya kupunguzia rangi inayeyusha plastiki za soketi, nimeona soketi ya sistimu ya chaji imelegea mpaka waya haukai kwa sababu ya tina. IPA ni ghali ukilinganisha na hivyo, ndio, lakini bodi ni ya mtu.

IPA nayo inawaka, mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 12 hivi, yaani kwetu ni saa zote. Zima pasi ya kuchomelea, zima bloa, fungua dirisha, hakuna sigara hapo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa unashuka chini ya meza kwa hiyo hata jiko la chini au feni yenye waya unaocheza ni hatari. Vaa glavu kama zipo, inakausha sana ngozi.

Toa betri kwanza, hilo halina mjadala. Toa kamera, spika, skrini, chochote kinachochomoka. Maiki iliyochomelewa kwenye bodi zibe kitundu chake na tepu inayohimili joto, kwa sababu flaksi ikiyeyuka inakuwa maji na ikiingia mle ikakauka maiki ndio imekufa. Kwenye redio na ampu angalia volyumu, swichi na rilei zisizozibwa, hizo usizimwagie.

Safisha mapema, bodi ikiwa bado vuguvugu kiasi kwamba unaishika bila kuungua, flaksi inakuwa laini. Chukua mswaki, kata nywele zake zibaki fupi kama nusu sentimita ziwe ngumu, au ile brashi nyeusi isiyotengeneza umeme tuli kama unayo, ndio bora zaidi. Inamisha bodi, tonesha IPA juu ya sehemu, sugua iteremke.

Na hapa ndio wengi wanaharibu. Wanasugua, wanaona flaksi haionekani, wanaacha ikauke. Flaksi haijaenda popote, imeyeyuka kwenye alkoholi, alkoholi imeruka yenyewe na flaksi imebaki imetandazwa bodi nzima kwa utando mwembamba. Ile alkoholi chafu lazima itoke kwenye bodi ikiwa bado majimaji. Fanya hivi: laza tishu isiyotoa nyuzi juu ya sehemu, tonesha IPA juu ya tishu mpaka ilowe, sugua kwa mswaki juu ya tishu yenyewe, utaona rangi ya kahawia inapanda kwenye karatasi. Inua, weka nyingine, rudia. Mwisho suuza na IPA mpya huku umeinamisha bodi, inayotiririka ukingoni idake na tishu.

Bodi ikikauka ukaona utando mweupe kama vumbi la chaki usishtuke, hiyo ni rosini iliyoyeyuka nusu. Rudia na IPA mpya, pasha bodi kidogo kwanza, zima bloa ndio umwage. Ikigoma kabisa paka flaksi mpya kidogo pale pale, ipashe moto iyeyuke pamoja na ile ya zamani, halafu safisha zote mara moja.

Chini ya aisi za vidonge, zile zinazoshikwa na vitone vya risasi kwa chini badala ya miguu, mswaki haufiki. Tumia sindano, sukuma IPA upande mmoja taratibu, tishu iwe upande wa pili inanyonya, halafu geuza upande. Kipulizio cha mkono kinasaidia kutoa iliyobaki, kompresa nayo sawa ila angalia isiwe inatema maji na mafuta. Mashine ya altrasoniki ni nzuri kwa kazi nyingi lakini mtetemo wake unaweza kuua maiki, kristali na sensa, na usijaze IPA kwenye tenki, ina maji yake maalumu. Kwa simu moja moja mswaki na tishu vinatosha.

Kausha kwa bloa joto la chini, nyuzi 60 hivi, upepo wa wastani, baada ya IPA ya juu kuruka. Chini ya bati inachelewa, ipe muda kabla ya kurudisha betri.

Kukagua, mulika taa kutoka pembeni, sio juu, utando unaonekana kwa kung'aa. Halafu chukua pamba ya masikio mpya, ichovye IPA mpya, sugua kati ya miguu ya aisi. Ikitoka na unjano, rudi kwenye tishu. Mswaki nao uoshe kwa IPA kila ukimaliza maana unabeba flaksi ya bodi ya jana, IPA iliyochafuka usiirudishe kwenye chupa, na zile tishu zilizolowa zitie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, mbali na pasi.