Kabla Hujaamini Saa za Safari Ndefu ya Ndege

Umbali kugawa kwa mwendo: ndivyo wengi tunavyokadiria muda wa safari ya ndege. Katika safari ndefu hesabu hiyo inaweza kupotea kwa saa nzima au zaidi, na mtu akaikosa ndege ya kuunganisha.

Anza na uwanja, si jiji. London pekee ina Heathrow, Gatwick, Stansted na vinginevyo, na kila kimoja kina herufi zake tatu za kukitambulisha. San Jose ya California ni SJC. San José ya Kosta Rika ni SJO. Ukikosea herufi moja, umepima safari ya nchi nyingine.

Umbali usiupime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni tufe, na ramani bapa huyavuta maeneo yaliyo karibu na ncha. Kaza uzi juu ya tufe kutoka New York hadi Tokyo, utauona ukipanda kaskazini kupitia upande wa Alaska. Vikokotoo vya mtandaoni hutoa umbali wa njia hiyo fupi kabisa. Angalia tu kama ni kilomita au maili za baharini wanazotumia marubani, maana maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

Lakini njia fupi si lazima iwe wazi. Tangu 2022 mashirika ya Umoja wa Ulaya hayapiti anga ya Urusi, na safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa 9 hivi ikafikia kama 13. Kikokotoo hakilijui hilo. Ratiba ya shirika inalijua, kwa hiyo mimi huiamini ratiba kwanza.

Kisha kuna upepo. Heathrow hadi JFK ya New York ni takriban kilomita 5,540. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ni saa 6 na dakika chache. Ongeza angalau nusu saa ya ndege kutembea ardhini, kupaa na kushuka. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali huvuma kuelekea mashariki, ndiyo maana kwenda London huchukua karibu saa 7, na kwenda New York karibu 8. Hesabu kila upande peke yake.

Safari yenye kituo katikati ipimwe kipande kwa kipande, pamoja na muda wa kusubiri.

Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika. Ukiondoka New York saa 3 usiku na kutua London saa 3 asubuhi, umesafiri saa 7, si 12, kwa kuwa London iko mbele kwa saa 5. Mwezi Machi tofauti hiyo hushuka hadi 4 kwa wiki mbili au tatu, kwani Marekani husogeza saa zake kabla ya Uingereza. Na ukivuka Pasifiki kutoka Tokyo jioni, unaweza kutua Los Angeles asubuhi ya tarehe ileile, kwa hiyo chumba cha hoteli kiwekwe kwa tarehe ya kutua iliyo kwenye tiketi.