Laptopu isiyozimwa: jinsi ya kuiacha ikiwaka bila kuiua betri

Mama mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea laptopu yake akisema tachipedi haibonyezeki. Nilipoiweka mezani ikayumba. Betri ilikuwa imevimba hadi imelisukuma kava la chini. "Fundi, ni kwa sababu huwa siizimi?" akaniuliza. Kwa kazi yake ya kuchapa na kuprinti, mashine ilikaa inawaka usiku na mchana, chaja ukutani, zaidi ya mwaka.

Nilimjibu hivi: laptopu inaweza kuwaka siku nyingi mfululizo isipate shida. Kinachoiua ni joto, pamoja na betri kukaa imejaa asilimia 100 ndani ya joto hilo. Yote mawili unaweza kuyadhibiti mwenyewe.

Hatua ya 1: Kagua betri

Zima mashine, iweke juu ya meza iliyonyooka, uitazame kwa ubavu. Ikiyumba, kava likiwa limeachia au tachipedi imenyanyuka, usiichaji tena. Usiitoboe betri wala kuikandamiza, maana inaweza kushika moto. Mpelekee fundi.

Kama iko sawa, iwashe, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Enter. Windows itatengeneza faili na kukuonyesha ilipoihifadhi. Humo, Design Capacity ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity ni uwezo wake wa leo. Ukikuta wa leo haufiki nusu, mimi hushauri betri ibadilishwe kabla mashine haijapewa kazi ya kukesha.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha chaji

Usiiruke hatua hii hata kama huna muda wa nyingine. Seli ya lithiamu iliyo ndani ya betri ikijaa hufika volti 4.2 hivi, na ikikaa hapo muda mrefu huku ina joto, kemikali zake huchakaa haraka na kuzalisha gesi. Gesi hiyo ndiyo inayoivimbisha. Ukiizuia isipite asilimia 80, unaipunguzia mzigo mkubwa sana.

Kwenye Lenovo nyingi, ingia programu ya Lenovo Vantage uwashe Conservation Mode. ASUS wana Battery Health Charging, unachagua 80 au 60. HP nyingi za ofisini na Dell nyingi zina mpangilio huo ndani ya BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijawaka: kwenye HP tafuta Battery Health Manager, kwenye Dell chagua Primarily AC Use.

Mashine ya zamani isiyo na kikomo itakutaka uchomoe chaja mwenyewe ikikaribia kujaa, uichomeke tena ikishuka kwenye 40 hivi. Wapo wanaoitoa betri kabisa na kutumia umeme wa ukutani tu. Siwashauri hivyo watu wa kwetu, kwa sababu umeme ukikatika mashine inazima ghafla na faili iliyokuwa wazi inaweza kuharibika.

Hatua ya 3: Ipe hewa

Kitanda, kochi, mto na kitenge huziba matundu ya chini. Tumia meza ngumu, na uinyanyue nyuma hata kwa vitabu viwili huku matundu yakiwa wazi. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba chenyewe tayari kina joto, iweke mbali na jua la dirishani.

Vumbi nalo lipulizwe kila baada ya miezi michache. Ukitumia blowa, izuie feni kwa kijiti cha meno isizunguke, maana kasi ya ule upepo huharibu beringi zake. Na usiitie mashine inayowaka ndani ya begi.

Hatua ya 4: Pima joto

Pakua HWMonitor, programu ya kusoma joto la mashine, iache ikisoma wakati unafanya kazi zako za kawaida. Prosesa (ubongo wa kompyuta) nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe. Ukiona 95 kila mara kwa kazi ndogo, feni imechoka au ile dawa inayopakwa juu ya prosesa imekauka.

Hatua ya 5: Kinga umeme

Umeme ukirudi kwa kishindo, chaja ndiyo ya kwanza kuumia. Nunua kifaa cha kinga kinachosubiri dakika chache kabla ya kuupitisha.

Hatua ya 6: Iwashe upya kila wiki

Programu zikikaa wazi siku nyingi hujaza kumbukumbu (RAM) na mashine ikawa nzito, na masasisho ya usalama hubaki yakisubiri. Bonyeza Restart, si Shut down. Windows 10 na 11 zikiwa na Fast Startup, Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ilivyokuwa ukiwasha, kwa hiyo uzito unaweza kubaki palepale. Usiku ambao haina kazi, ilaze kwa Sleep: asubuhi utakuta kila kitu ulipokiacha, na feni itakuwa imepumzika.