Jinsi ya kuandaa mkataba wa maridhiano mfanyakazi anapoondoka kazini

Karatasi nyingi za kumaliza ajira zinazoletwa kwa mawakili hapa Mombasa zina sentensi moja tu, kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote na hana dai. Haki zipi, haielezi, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa upya.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu stahiki za lazima, kila moja kwenye mstari wake: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuchukua, ambayo kwa Sheria ya Ajira ya 2007 haipungui siku 21 za kazi kwa mwaka, malipo ya notisi, yaani siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, isipokuwa mkataba wake unatoa zaidi, na, iwapo nafasi yake imeondolewa, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Karani wa ghala la Shimanzi anayeahidiwa malipo ya likizo yake mwenyewe ili asishtaki, kwa kweli hajapewa chochote.

Hatua ya pili, kadirieni pesa za maridhiano zinazoongezwa juu ya hizo. Mahakama inaweza kutoa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo tazameni miaka ya utumishi na kama alipewa nafasi ya kujitetea.

Hatua ya tatu ni hiari, nami naiona kuwa nzito kuliko zote. Mwaka 2018, katika rufaa ya kampuni ya Coastal Bottlers, Mahakama ya Rufani ilishikilia makubaliano ambayo mfanyakazi aliyatia saini kwa hiari. Saini iliyopatikana kwa vitisho au kwa kumficha mtu ukweli haina nguvu hiyo. Mpe rasimu kwa lugha anayoisoma vizuri, aende nayo nyumbani, amwonyeshe wakili au afisa wa chama chake.

Hatua ya nne, tajeni madai yanayofungwa, kodi itakayokatwa na tarehe ya malipo. Cheti cha utumishi ni haki yake kisheria, hivyo kisizuiliwe ili kumshinikiza. Kama kesi imeshafunguliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, wasilisheni makubaliano yarekodiwe kuwa amri, ili atakayeyavunja aweze kulazimishwa kuyatekeleza bila kesi mpya. Kama haijafunguliwa, andikeni wazi kwamba madai yatafungwa siku pesa zote zitakapoingia kwenye akaunti ya mfanyakazi, wala si siku ya kutia saini.