Jinsi ya Kumwandikisha Mtoto wa Farasi wa Suffolk

Farasi wa Suffolk ni farasi wa jembe wa mashariki mwa Uingereza: kifua kipana, miguu mifupi, rangi nyekundu mwili mzima. Chama chake, Suffolk Horse Society, kipo tangu 1877, na wote walio hai leo, ukifuata upande wa baba, ni uzao wa dume mmoja aliyezaliwa 1768. Mwaka 1966 waliandikishwa watoto tisa tu. Ndiyo maana daftari la ukoo linalindwa kama mboni ya jicho.

Shughuli huanza kabla mtoto hajazaliwa. Jike akishapandwa, mdai mwenye dume cheti cha kupandisha siku hiyohiyo, kikiwa na tarehe na majina ya wazazi wote wawili. Usikubali kuambiwa "nitakuletea". Mwaka mmoja baadaye dume ameshauzwa, mwenyewe hapokei simu, nawe una mtoto mzuri asiye na baba kwenye karatasi. Hakikisha pia kwamba jike ameandikishwa kwa jina lako. Kama ulimnunua, mabadiliko ya umiliki hupelekwa ndani ya siku 30.

Mtoto akizaliwa, mwite daktari wa mifugo angali ananyonya, ili mama yake awepo pembeni. Daktari atamwekea shingoni chipu, kifaa kidogo cha utambulisho chenye namba ya tarakimu 15, na kumchora kwenye mchoro wa fomu ya kuandikisha: nyota ya usoni kama ipo, weupe wa kwatoni, na vizunguko vya manyoya, yaani sehemu ambapo manyoya hujizungusha. Vizunguko hivyo visidharauliwe. Farasi wa Suffolk wote ni wekundu, kwa hiyo rangi peke yake haimtambulishi yeyote. Kwenye fomu rangi hiyo nyekundu, kwa Kiingereza "chestnut", huandikwa "chesnut", bila ile t ya katikati. Usiirekebishe, ndivyo wanavyoiandika tangu zamani.

Ukitakiwa sampuli ya vinasaba, ng'oa nywele za shingoni pamoja na mizizi yake. Nywele zilizokatwa kwa mkasi hazifai kitu.

Kisha tuma fomu, cheti cha kupandisha na ada kwa chama, ukiweka nakala ya kila kitu nyumbani. Jina la mtoto lipendekeze zaidi ya moja, huenda la kwanza limeshachukuliwa. Sheria ya Uingereza inataka pasipoti, yaani kitabu cha utambulisho wa farasi, itoke kabla mtoto hajafikisha miezi sita, au kabla ya 31 Desemba ya mwaka aliozaliwa, ipi itakayochelewa zaidi. Ikifika, linganisha namba ya chipu tarakimu kwa tarakimu.

Farasi akifa, pasipoti irudishwe chamani ndani ya siku 30. Wengi huiacha kabatini, na daftari likaendelea kumhesabu jike aliyekwisha kuzikwa.