Kipimo cha mimba: hesabu siku kwanza ndo ununue

Mashoga zangu, miaka niliyouza kwenye kemisti huku Majengo, Mombasa, nimeona mengi. Mtu anakuja magharibi magharibi, kajifunika buibui, anangoja wateja waishe ndo aseme nipe kile kipimo, halafu mkizungumza kidogo wagundua zimepita siku nne tu tangu akutane na mumewe na yeye ataka jibu leo leo. Hakuna kipimo cha kumjibu huyo, hata kiwe cha bei gani.

Manake kile kijiti kinatafuta homoni moja tu kwenye mkojo, yaitwa hCG, na mwili hauanzi kuitoa mpaka ile mimba ijishikize kwenye mji wa uzazi, na hilo lachukua kama siku 6 mpaka 12 baada ya yai kutoka. Mwanzo inakuwa kidogo mno, halafu yazidi maradufu kila siku mbili tatu hivi. Ndo maana ukipima leo unaambiwa hapana na wiki ijayo unaambiwa ndio, na kipimo hakijakosea mara zote mbili. Ngoja siku yako ya kuingia mwezini ipite. Kama siku zako hazina mpango, hesabu siku 21 tangu ulipokutana na mwanamume bila kinga.

Sasa kupima kwenyewe. Angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti, kisha tumia mkojo wa kwanza wa alfajiri, kabla hujanywa maji wala chai, sababu maji mengi yanaupunguza nguvu. Kojolea kwenye kikombe kisafi kikavu, chovya kijiti lakini usipitishe ule mstari wa MAX, hesabu sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti yako, kilaze mahali palipo sawa na uangalie saa. Mstari wa C lazima utokee, usipotokea kimeharibika, tupa. Ukitokea na wa T pia, hata kama ni hafifu wa kukodoa macho, hiyo ni mimba. Ila soma ndani ya muda wa pakiti, nyingi ni dakika 3 mpaka 5. Kuna watu wanakiokota kwenye pipa saa mbili baadaye wanaona kivuli cha kijivu moyo unaruka, kumbe ni mkojo umekauka tu. Na hizi mbinu za kupima mimba kwa sukari, chumvi na dawa ya meno ziacheni jamani, dawa ya meno yatoa povu kwa asidi ya mkojo wa mtu yeyote, hata wa babu yako.

Ukipata hapana na bado huoni siku zako, rudia baada ya wiki moja. P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba, yaweza kuzichelewesha, sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu yaweza kuzikata kabisa na hata ukiacha zinachukua miezi kurudi, kunyonyesha nako, na mawazo pia. Ila ikiwa miezi mitatu imepita bila kitu, huna mimba wala hutumii dawa ya kupanga uzazi, nenda ukaonwe.

Hapa ndo naomba mnisikize vizuri. Kijiti kinasema mimba iko, hakisemi imekaa wapi. Ukiwa umechelewa siku zako ama umeshapata mistari miwili, kisha ukashikwa na maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, ama damu, ama kizunguzungu, ama bega linauma bila sababu, hiyo yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi na ikipasuka damu yavuja ndani kwa ndani. Usimeze panadol ukalala. Nenda Coast General usiku huo huo, na ukiwa Likoni anza na hospitali iliyo karibu badala ya kusubiri feri.

Mambo ya uchafu ukeni sasa, hili wengi walinong'onea. Ute mweupe ama unaovutika kama ute wa yai, bila harufu wala muwasho, ni kawaida, na mimba huuzidisha. Mzito kama maziwa yaliyoganda pamoja na muwasho, mara nyingi ni fangasi. Wa kijivu mwepesi wenye harufu ya samaki ni bakteria wamezidi. Wa manjano ama kijani wenye povu, hiyo mwende kutibiwa wawili, wewe na mwenzako, ama utarudi kule kule. Maumivu chini ya tumbo pamoja na homa, usikae na hayo.

Na kabla hujanunua ile kapsuli ya fangasi ya kumeza, pima mimba kwanza, kwa mwenye mimba haifai, yeye hupewa ya kuweka ukeni. Udi fukizeni nguo na nyumba, mashallah twanukia, lakini moshi wa kukalia, shabu na sabuni za ndani huua wale bakteria wazuri wanaolinda, na harufu mnayoikimbia ndo inazidi.

Ukienda kliniki andika kwenye simu tarehe uliyoanza kuona siku zako mara ya mwisho, ile siku ya kwanza ya damu, si ya kumaliza. Miezi ya mimba huhesabiwa kuanzia hapo.