Mshambuliaji wa hoki ya chuo: anza na umri

Ukipewa takwimu za mshambuliaji wa hoki ya barafu anayecheza NCAA (mashindano ya michezo ya vyuo) kule Marekani, usikimbilie pointi (mabao na pasi za mabao). Tazama kwanza amezaliwa lini. Wengi huingia chuo wakiwa na miaka 19, 20, hata 21, wameshakomazwa na ligi za vijana, kwa hiyo "mwaka wa kwanza" si lazima awe mtoto. Pointi moja kwa mechi ukiwa na miaka 18, huku unabanwa ukutani na mibaba ya miaka 23, si sawa na pointi hiyohiyo ukiwa na 22. Macklin Celebrini alipata 64 katika mechi 38 akiwa Boston University msimu wa 2023-24, ana miaka 17 tu. San Jose Sharks wakamchagua wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Halafu ondoa pointi ambazo mchezaji wako alizipata wapinzani wakiwa pungufu kwa sababu ya adhabu, uone kinachobaki. Mara nyingine hubaki kidogo mno! Kipimo hiki huwaonea wafupi na wanaochelewa kuiva: Martin St. Louis alitoka chuo cha Vermont bila kuchaguliwa na timu yoyote, akamaliza NHL na pointi zaidi ya 1,000.